Kilmory Knap: kikanisa cha pembezoni na mawe ya watu wa bahari

Upande wa magharibi wa Uskoti nchi kavu na bahari zimeingiliana kiasi kwamba mtu anayetazama ramani kwa mara ya kwanza hushindwa kujua kipi ni kisiwa na kipi ni rasi. Katika eneo la Argyll kuna sehemu inayoitwa Knapdale, ambako maji ya chumvi yameingia ndani kwa mikono mirefu na myembamba, na karibu na mdomo wa mkono mmoja uitwao Loch Sween, upande wake wa mashariki, kimesimama kikanisa cha mawe kilichojengwa katika karne ya 13. Ibada zilikoma humo zamani, na mapaa yake ya kale yaliporomoka. Hata hivyo kuta zake zimebaki, na katika miaka ya 1930 kiliezekwa upya kwa paa linalopitisha mwanga, ili kihifadhi mawe ya makaburi yaliyochongwa, zaidi ya thelathini, ambayo kwa karne nyingi yalikuwa yamelala nje yakinyeshewa. Kinaitwa Kilmory Knap.

Nilikwenda huko na shemeji yangu, aliyekulia Kilwa Kivinje katika nyumba ya wavuvi. Nalitaja jambo hilo mapema kwa sababu yeye alikitazama kikanisa akitokea upande wa maji, hali mimi, mtu wa bara, nilikitazama nikitokea upande wa barabara, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nielewe mawe yale.

Barabara yenyewe inastahili maneno machache. Kutoka Glasgow unafuata ukingo wa ziwa Lomond, unapanda mlima kwenye njia nyembamba kati ya vilele, unateremka hadi mji mdogo wa Inveraray, kisha unafika Lochgilphead, ambako ni vizuri kujaza mafuta na kununua chakula, kwa kuwa mbele hakuna uhakika wa kimojawapo. Hapo unaungana na mfereji wa Crinan, wenye urefu wa kilomita 14 hivi, uliofunguliwa mwaka 1801 ili vyombo visilazimike kuizunguka rasi ndefu ya Kintyre. Penye kijiji cha Bellanoch unauacha mfereji na kuingia kwenye njia ya gari moja, yenye vipenyo vya kupishana kila baada ya mwendo mfupi, na ustaarabu wa huko ni kwamba anayepishwa humwinulia mkono aliyempisha, hata kama hawajuani na hawataonana tena. Inapita katikati ya misitu ambamo mwaka 2009, kwa kibali cha serikali, walirudishwa wanyama wa majini wanaoguguna miti, waitwao biva, waliokuwa wametoweka Uskoti kwa karne kadhaa. Inapita kijiji cha Achnamara, inashuka kando ya Loch Sween, na inazidi kuwa mbaya. Kufikia hapo abiria yeyote ataanza kuuliza ni nani aliyewahi kuwa na sababu ya kuja kuzika wafu wake mbali hivyo.

Jibu la swali hilo linaanza kuonekana kabla hujafika. Kilomita chache kabla ya kikanisa, juu ya mwamba ulio kando ya maji, ipo ngome ya Castle Sween, ambayo ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 12 na huhesabiwa kuwa miongoni mwa ngome za mawe za kale kabisa katika Uskoti. Leo imezungukwa na nyumba za magurudumu za watu wa likizo, zimepangwa safu kwa safu hadi chini ya ukuta wake, jambo ambalo kwa maoni yangu lisingepaswa kuruhusiwa, ingawa nakiri kwamba wapangaji wake wanapata mandhari ambayo wengine wetu tunayafuata kwa saa nyingi. Ngome hiyo imechukua jina la Suibhne, bwana mmoja wa Kigaeli, yaani wa watu wenye lugha yao katika Ayalandi na magharibi ya Uskoti, ambaye uzao wake ulinyang'anywa ardhi ya Knapdale katika karne ya 13. Wengi wao walivuka bahari hadi kaskazini mwa Ayalandi na kuwa ukoo maarufu wa askari wa kukodiwa. Upo utenzi wa Kigaeli unaosimulia msafara wa vyombo uliokwenda Castle Sween mwanzoni mwa karne ya 14 ili wenye ngome wa zamani wairudishe mikononi mwao. Mshairi hasemi lolote kuhusu barabara. Anataja vyombo, matanga, mashujaa waliopanga ngao zao ubavuni, na wanawake waliokaa ndani ya merikebu.

Shemeji aliposhuka garini kwenye ngome hiyo hakuutazama ukuta. Alitembea hadi ukingoni, akatazama jinsi mkono wa bahari ulivyokingwa dhidi ya upepo, akatazama pwani ya ng'ambo, kisha akasema, "Shem, hii ni bandari nzuri. Aliyejenga hapa alijua kazi yake." Huo ndio ulikuwa mwongozo wa siku nzima.

Kikanisa kipo mbele kidogo, ndani ya ua wa makaburi uliozungushiwa ukuta mfupi, pamoja na nyumba chache za watu na malisho ya kondoo. Ukisimama mlangoni pake unaiona bahari iitwayo Sound of Jura, na ng'ambo yake milima mitatu ya kisiwa cha Jura, isiyo na miti, yenye umbo la kuviringana. Jengo ni dogo, la mstatili, lisilo na mnara wala mapambo ya nje. Ukuta wake wa mashariki una madirisha mawili membamba yenye vichwa vya duara. Hakuna mlinzi, hakuna tiketi, hakuna duka la kadi. Mlango unausukuma mwenyewe, na ukiingia unakuta mawe yamesimamishwa kuzunguka kuta, mengine yakiwa marefu kuliko mtu, na mwanga wa juu ukiyaangukia kwa namna ambayo siku ya mawingu huwa bora kuliko siku ya jua, maana jua kali hufuta vivuli na michongo hafifu haionekani tena.

Mawe hayo si ya zama moja. Ya kale kabisa ni misalaba iliyochorwa kwa mistari rahisi juu ya mawe ambayo hayakulainishwa sana, kazi ya karne za mwanzo za Ukristo katika nchi hii, baada ya Columba kuvuka kutoka Ayalandi mwaka 563 na kuanzisha monasteri yake katika kisiwa cha Iona. Wakati huo pande zote mbili za bahari zilikuwa na ufalme mmoja wa Wagaeli, Dál Riata, uliokuwa na ngome yake kuu juu ya kilima cha Dunadd, si mbali na mfereji tulioupita. Misalaba hiyo haina majina wala tarehe. Inahitaji uvumilivu, na wageni wengi, nikiwemo mimi, huipita haraka ili wafike kwenye mabamba makubwa ya baadaye.

Mabamba hayo yalichongwa kuanzia karne ya 14 hadi nusu ya kwanza ya karne ya 16. Mengi yametengenezwa kwa aina ya shisti yenye rangi ya kijivu inayoelekea kijani, jiwe linalochongeka kwa urahisi linapotoka ardhini lakini linavumilia hali ya hewa kwa muda mrefu. Lilipatikana papo hapo, kwenye machimbo ya kandokando ya Loch Sween, kama vile Doide, na kwa kuwa machimbo yalikuwa ukingoni mwa maji, bamba zito liliweza kupakiwa chomboni na kupelekwa kisiwa chochote. Watafiti Kenneth Steer na John Bannerman, ambao utafiti wao ulichapishwa mwaka 1977, waliyagawa mawe ya aina hii katika makundi matano ya wachongaji: kundi la Iona, la Kintyre, la Loch Awe, la Loch Sween na la Oronsay. Nimesoma wanaoukosoa mgawanyo huo, lakini kwa mtu anayesimama mbele ya mawe unasaidia, kwa sababu baada ya muda jicho lenyewe linaanza kuona kwamba mkono uliochonga majani ya bamba hili, yenye shina moja linalopinda huku na huku na kutoa matawi ya duara, si mkono uliochonga lile la pembeni yake, ambalo mchongaji wake alipanga kila kitu kwa mistari mikavu na kuacha nafasi tupu.

Kinachotawala ni upanga. Katika bamba baada ya bamba upanga umesimama katikati, ncha ikielekea miguuni mwa marehemu, wenye mpini ulioishia kwa kitufe chenye vifundo na kingio za mkono zilizoinamia chini. Kuuzunguka kuna majani yaliyosukwa, na katikati ya majani wamo wanyama: mbwa, kulungu, na viumbe wenye mikia inayogeuka kuwa mashina. Katika mawe ya mila hii utamkuta hata fisimaji akimfukuza samaki. Mabamba mengine hayana upanga bali yana mtu mzima, mpiganaji aliyesimama mbele yetu akiwa na kofia ya chuma yenye ncha, shingo na mabega vimefunikwa kwa pete za chuma zilizounganishwa, na chini yake koti refu lililojazwa na kushonwa kwa mistari ya wima hadi magotini. Mkononi ana mkuki. Nyuso zimefanana, na hilo halikunisumbua, kwa sababu mchongaji hakuagizwa kuonyesha sura ya fulani, aliagizwa kuonyesha cheo chake.

Koti hilo limewapa wanahistoria kazi. Kusini mwa Uskoti na Uingereza wapiganaji wenye mali walihamia kwenye mavazi ya mabamba ya chuma, na hivyo sanamu zao za makaburini zinaweza kukadiriwa umri kwa kutazama mavazi tu. Huku magharibi koti la kushonwa na pete za chuma viliendelea kuvaliwa hadi karne ya 16, kwa hiyo mpiganaji wa mwaka 1350 na mjukuu wa mjukuu wake wanaweza kusimama ukutani wakiwa wamevaa sare moja. Wapo walioona hilo kuwa dalili ya watu waliobaki nyuma. Mimi sioni hivyo. Mtu anayepigana akiruka kutoka chomboni kuingia kwenye maji ya kiunoni hana haja na sanduku la chuma mwilini.

Hapa lazima niseme neno kuhusu hadithi ambayo kila anayetafuta habari za Knapdale atakutana nayo, kwamba mabamba haya ya panga ni makaburi ya wapiganaji watawa wa Templar, waliokimbilia Argyll kwa meli baada ya shirika lao kuvunjwa na Papa mwaka 1312. Ni hadithi tamu na inauza vitabu. Haina msingi. Mawe mengi ni ya baadaye mno, panga zake ni za aina iliyotumika katika nchi hii hii, maandishi yaliyosomeka yanataja watu wa koo za Kigaeli, na mapambo yake ni ya mafundi wa hapa waliozikiwa babu zao hapa. Ninachokichukia zaidi katika hadithi hiyo ni dhana iliyofichika ndani yake, kwamba kitu kizuri kikionekana mahali pa pembezoni, lazima aliyekileta atoke kwingine. Watu wa mwambao wetu tumeisikia dhana hiyo mara nyingi kuhusu misikiti na majumba ya Kilwa na Gedi, na hatuna sababu ya kuivumilia inapoelekezwa kwa wengine.

Jiwe kuu la Kilmory Knap si bamba. Ni msalaba mrefu wa mwishoni mwa karne ya 15, wenye kichwa cha duara, ambao zamani ulisimama nje na sasa umewekwa ndani. Unajulikana kama msalaba wa Macmillan. Nilikaa mbele yake kwa muda mrefu kuliko mbele ya jiwe lingine lolote, na ningeshauri kila anayekwenda afanye hivyo, kwa kuuzunguka taratibu pande zote. Upande mmoja yupo Kristo msalabani, mwembamba, kichwa kimeinama, Mariamu na Yohana wakiwa pembeni yake. Chini yao mchongaji amesuka mistari isiyo na mwanzo wala mwisho, na humo ameweka upanga. Upande mwingine hakuna Kristo kabisa. Upo uwindaji: mbwa wamemrukia kulungu dume mwenye pembe zenye matawi na wanamwangusha, na mtu anawafuata akiwa na shoka na baragumu. Maandishi ya Kilatini yanasema "Hec est crux Alexandri Macmulen", yaani huu ni msalaba wa Alexander Macmillan.

Hakuna ombi la kumwombea roho, hakuna sifa za ukoo, hakuna tarehe. Alexander Macmillan alikuwa mtunza ngome ya Castle Sween kwa niaba ya Bwana wa Visiwa, mtawala wa ukoo wa MacDonald ambaye himaya yake ilienea katika visiwa vyote vya magharibi na sehemu kubwa ya pwani, na ambaye kwa muda mrefu alimsikiliza mfalme wa Uskoti pale alipopenda. Wataalamu huweza kueleza kwa urefu maana ya kiroho ya kulungu anayefukuzwa na mbwa, kwani katika sanaa ya Kikristo ya zama zile kulungu aliweza kuwa ishara ya nafsi inayoandamwa. Inawezekana. Lakini nilipomtazama mwindaji yule na baragumu lake, niliamini zaidi kwamba mtunza ngome alitaka ijulikane kwamba alikuwa mtu wa kuwinda, kwa kuwa uwindaji wa kulungu ulikuwa haki ya mabwana, na kwamba hakuona ajabu kuweka haki hiyo mgongoni mwa Kristo. Shemeji alikuwa na maoni yake: kwamba mtu aliyelipia jiwe lenye pande mbili hawezi kukubali upande mmoja ukae bure.

Himaya ile haikudumu. Katika miaka ya 1470 mfalme James wa Tatu alimnyang'anya Bwana wa Visiwa sehemu ya mali zake, Knapdale ikiwemo, na mwaka 1481 utunzaji wa Castle Sween ukapewa Colin Campbell, mkuu wa Argyll, ambaye ukoo wake ulikuwa ukipanda huku MacDonald wakishuka. Mwaka 1493 cheo chenyewe cha Ubwana wa Visiwa kilifutwa. Msalaba wa Macmillan ni wa miaka hiyo hiyo ya mwisho, na kwa hiyo jiwe linalotangaza cheo kwa sauti ya juu kiasi hicho lilisimamishwa wakati cheo hicho kikiwa hatarini au kikiwa tayari kimekwisha.

Wanawake hawakosekani katika mawe haya, ingawa wanahitaji kutafutwa. Katika mabamba ya mila hii mkasi mkubwa wa kukatia manyoya ya kondoo hutokea mahali ambapo upanga ungetokea, au kando ya upanga, na wataalamu wengi huuhusisha na kaburi la mwanamke, hasa ukiwa pamoja na kitana, kioo au kisanduku. Naukubali usomaji huo kwa tahadhari, kwa kuwa fundi wa nguo naye alikuwa na mkasi, na jiwe lisilo na jina haliwezi kutuamulia. Kwa bahati Iona kuna bamba lenye jina. Ni la Anna MacLean, mama mkuu wa nyumba ya watawa wa kike, aliyefariki mwaka 1543. Amechongwa akiwa na joho lake, vijibwa vidogo vikiwa upande huu na huu, na kitana na kioo vimewekwa kichwani pake, vitu ambavyo mtu hatarajii kuvikuta kwa mtawa. Aliyeagiza jiwe hilo alikumbuka kwamba kabla hajawa mtawa Anna alikuwa binti wa nyumba kubwa, na hakutaka tusahau.

Kuhusu mafundi wenyewe tuna majina machache mno. Katika kisiwa cha Oronsay, ambacho hufikiwa kutoka Colonsay kwa miguu maji yanapokupwa, upo msalaba wa karibu mwaka 1500 uliosimamishwa kwa ajili ya mkuu wa monasteri aliyeitwa Colin, na fundi ameandika kwa Kilatini kwamba Mael-Sechlainn O Cuinn ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Jina lake lina asili ya Ayalandi. Sanaa hii ilibebwa na koo za mafundi waliorithishana, kama walivyorithishana washairi, waganga na wapiga vinubi wa zama zile, na wote waliishi kwa hisani ya mabwana waliowalisha na kuwapa ardhi. Bwana mkuu alipoondoka mwaka 1493, wateja wadogo walibaki kwa miongo kadhaa. Bunge la Uskoti lilipoukataa uongozi wa Papa mwaka 1560 na monasteri zikafungwa, misalaba na maombi kwa wafu havikuhitajika tena, na kazi ikafa pamoja na mafundi waliokuwa hai wakati huo. Hakuna aliyeirithi.

Mawe yaliendelea kutumika. Hilo lilinipendeza kuliko nilivyotarajia. Katika karne za 17 na 18 familia za wakulima zilichukua mabamba ya zamani zikayalaza juu ya makaburi yao, na baadhi yao walichonga juu ya majani na panga herufi za majina yao na mwaka, bila ustadi wowote. Msomi anayependa usafi atasema wameharibu. Mimi naona kwamba walikuwa wakilitumia jiwe kwa kazi iliyokusudiwa, na kwamba bila wao huenda mabamba mengi yangeishia kuwa vizingiti vya mazizi.

Swali gumu zaidi ni lile la kuyaingiza ndani. Bamba lililolala juu ya kaburi kwa miaka 600 likiinuliwa na kusimamishwa ukutani linaokoka mvua, barafu na miguu ya kondoo, lakini linaachana na mtu aliyekuwa chini yake. Kilmory Knap hakuna anayeweza kuonyesha kaburi la Alexander Macmillan. Kwa upande mwingine, ukitoka nje na kuyatazama mawe yaliyochelewa kukingwa katika nyua nyingine za makaburi za Argyll, utakuta upanga umebaki mstari mmoja unaohisiwa kwa kidole tu. Nikifikiria bakuli na sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya mwambao wetu, ambazo nyingi zimebanduliwa na kubaki matundu matupu, siwezi kuwalaumu waliojenga paa hili. Waliliweka papo hapo, juu ya mawe, katika ua uleule, badala ya kuyahamishia yote Edinburgh, na huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Tulipotoka nje shemeji aliniuliza kama wachongaji hawa waliwahi kuchonga vyombo. Waliwahi, na mara nyingi. Chombo chao, kinachoitwa birlinn, kilikuwa kizazi cha merikebu za Wanorwe, ambao walivitawala visiwa hivi hadi mkataba wa mwaka 1266 ulipovirudisha kwa Uskoti, ila mafundi wa visiwani walikitia usukani wa nyuma badala ya kasia la ubavuni. Katika kipande kilichobaki cha msalaba wa ukoo wa MacKinnon, cha mwaka 1489, ambacho kimehifadhiwa Iona, chombo hicho kimechongwa kikiwa na omo na tezi zilizoinuka juu, mlingoti katikati, na tanga. Kipo chombo kingine katika kanisa la Rodel kisiwani Harris, kwenye kaburi ambalo Alasdair Crotach MacLeod alijitengenezea mwaka 1528, na hicho kina kamba zilizochongwa moja moja. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Alizikuza, akahesabu kamba, akasema kwamba aliyechonga alikuwa amewahi kuzivuta.

Kilwa na Songo Mnara nako, katika kuta za majumba na misikiti, watu walikwaruza michoro ya vyombo juu ya lipu: milingoti, kamba, matanga ya mkeka. Ni michoro ya haraka na haina ufundi wa MacKinnon au MacLeod, lakini ni ya watu wa hali ileile. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliuona mji mzuri mno, na leo anayetoka Dar es Salaam kwa gari kwenda kuyaona magofu yake huona kwamba amekwenda mbali, kisha hulazimika kupanda boti. Umbali huo umetengenezwa na barabara. Kwa nahodha wa zama zile Kilwa ilikuwa katikati, na bara ndiyo iliyokuwa mbali. Kilmory Knap ni hivyohivyo. Kutoka hapa chombo chenye upepo mzuri kilifika Jura na Islay, ambako Bwana wa Visiwa alikuwa na baraza lake, kwa saa chache, na kutoka ncha ya Kintyre hadi pwani ya Ayalandi ni kilomita 20 hivi za maji. Mchongaji, jiwe, mteja na mshairi wote walisafiri kwa njia hiyo.

Tulipata ushahidi wa hilo siku hiyo hiyo, kwa njia ya kuchosha. Ng'ambo ya mdomo wa Loch Sween, kwenye ncha ya rasi inayofuata, kipo kikanisa kingine chenye mawe ya aina hii, Keills, ambacho kwa maji kipo karibu mno. Katikati ya mdomo huo kuna kisiwa kidogo, Eilean Mòr, chenye kikanisa chake cha mtakatifu Cormac, na mtu wa makasia angeweza kutembelea vyote vitatu kwa asubuhi moja. Kwa gari ilitubidi turudi njia yote hadi karibu na Bellanoch, kisha tushuke tena upande wa pili kupitia Tayvallich.

Keills ina msalaba mrefu wa karne ya 8 au ya 9, ambao kwa mtindo ni ndugu wa misalaba ya Iona, na ndani ya kikanisa lipo bamba ambalo mpiga muziki yeyote anapaswa kuliona, kwa sababu pamoja na upanga na majani limechongwa kinubi cha Kigaeli chenye umbo la kile kinubi cha kale kinachohifadhiwa katika makumbusho ya taifa Edinburgh. Chini ya kikanisa, ukishuka hadi majini, ipo gati ya mawe. Hadi karne ya 19 ng'ombe waliofugwa Islay na Jura walivushwa hadi hapo kwa mashua, wakashushwa, wakaswagwa kwa miguu kwenda kwenye masoko ya kusini. Wakati huo njia ya gari tuliyokuja nayo ilikuwa njia ya ng'ombe, na ilianzia hapa kwenye gati, ikielekea bara. Kisha zikaja meli za mvuke zilizochukua ng'ombe moja kwa moja hadi Glasgow, wachungaji wakaacha kuja, na ncha hizi mbili za Knapdale zikawa mwisho wa barabara.